Kabla hujatuma hela ya "akili bandia" ya kupikia pombe

Dada mmoja anayefanya kazi za ndani Muscat ametuandikia. Kaka yake kule Moshi anapika mbege ya kuuza, na sasa anaomba atumiwe hela alipie programu ya akili bandia ambayo, kwa maneno ya muuzaji, itaongeza uzalishaji na faida. Hela yenyewe ni akiba yake ya miezi minane. Anauliza: nitume?

Sisi tunasema usitume. Si kwamba ni uongo kompyuta kusaidia wapika bia. Inasaidia kweli. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kazi yao: bia 250 za huko, kila moja imepimwa sifa za kikemikali zaidi ya 200, waonjaji 16 waliofundishwa, na maoni ya wanywaji zaidi ya 180,000 kutoka intaneti. Kompyuta ikajifunza humo mpaka ikaweza kukadiria bia gani watu wataipenda. Walipoongeza kwenye bia ya dukani vile vitu ilivyovitaja, waonjaji wakaisifu zaidi.

Sasa ziangalie tena hizo namba. Kompyuta haikuota, ilifundishwa kwa kumbukumbu. Hata viwanda vikubwa ni hivyo hivyo: matangi yana vipimo vinavyosoma joto na sukari usiku na mchana, na kompyuta iliyokwisha kuona mapishi mengi ya nyuma inakisia tangi hili litamaliza kuchachuka lini, na lile pale limeanza kwenda kombo. Tangi likiwa tupu siku moja mapema, linapokea pishi jingine. Faida inatoka hapo, kwenye siku moja moja na lita chache zisizomwagwa, mwaka mzima.

Kaka ana mapipa mawili na hana daftari. Hiyo programu itajifunza nini? Bia ya Ubelgiji ni shayiri na hopsi. Mbege ni ndizi mbivu, kimea cha ulezi na gome la msesewe. Kilichojifunzwa huko hakihamii Moshi kama unavyohamisha laini ya simu.

Halafu mbege haikai. Siku chache tu imekuwa kali, wateja wanaikataa, inamwagwa. Tunadhani hela ya kaka inapotelea hapo, na hilo utaliona kwa kalamu tu.

Kwa hiyo tuma kidogo, ya kipimajoto, mizani na daftari la kaunta. Aandike kila pishi: ndizi kilo ngapi, ulezi kiasi gani, joto, siku ngapi, lita zilizouzwa, lita zilizomwagwa. (Mlioko Saudia na Kuwait, pombe huko ni marufuku, msije mkajaribu haya chumbani!)

Na yule muuzaji aulizwe swali moja: programu yako imefunzwa kwa mapishi mangapi ya mbege, na ya nani? Akijibu kwa kutuma video ya kiwanda cha Ulaya, mkatie simu.

Kaka usimgombeze, dada. Mwambie akutumie picha ya ukurasa wa daftari kila Jumapili, kabla hujatuma hela ya ndizi za wiki inayofuata. Akifikisha mapishi 50 yaliyoandikwa, tuandikie tena.