Boma la Florida na Hesabu ya Sahani

Mswahili anayefika Orlando kwa mara ya kwanza hushangaa kukutana na lugha yake ukutani. Hoteli ya Disney's Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa mwaka 2001, ina jengo linaloitwa Jambo House na jingine liitwalo Kidani Village. Migahawa yake ni Boma, Jiko na Sanaa. Bwawa la kuogelea limepewa jina la Uzima. Ukitoka hapo kwenda bustani ya wanyama ya Animal Kingdom, unaingia Harambe, mji wa kubuni ambao wachoraji wake waliufananisha na Lamu, na ndani yake kuna kibanda cha vitu baridi kiitwacho Tamu Tamu. Mtoto aliyezaliwa Minnesota na wazazi wa Tanga anaweza kusoma vibao vyote hivyo kwa sauti na kuwatafsiria wenzake.

Ukaribisho huo unapendeza, ila usimfanye mtu asahau pochi yake. Walt Disney World, iliyofunguliwa Oktoba 1971 na ambamo hoteli na bustani hiyo zimo, ni eneo lenye bustani nne kubwa za burudani na hoteli nyingi, na chakula ndicho kinachowatoa jasho wageni wengi baada ya chumba na tiketi. Sahani ya chakula cha haraka kwa mtu mzima ni dola 15 hivi, soda haijaingia. Familia ya watu wanne ikila mara tatu kwa siku kwa bei hizo, mzazi hujikuta anapiga hesabu ya noti kila mtoto anaponyoosha kidole. Hapo ndipo kampuni ya Disney inapomletea dawa: mpango wa chakula, unaolipiwa kabla ya safari.

Je, dawa hiyo inatibu? Kwa familia yenye watoto wadogo, mara nyingi ndiyo. Kwa watu wazima peke yao, mara nyingi hapana. Na kwa familia nyingi za Kiswahili, jinsi wanavyokula na wasivyokunywa pombe inabadilisha hesabu nzima, jambo ambalo watangazaji wa mpango hawana sababu ya kulisema.

Mpango wenyewe uko hivi. Mgeni anayelala katika hoteli za Disney ananunua kifurushi cha chumba na kuongeza chakula juu yake. Kila usiku anaolala humpa pointi. Mpango mdogo hutoa pointi mbili za chakula cha haraka na moja ya kitafunwa. Mpango mkubwa hutoa pointi moja ya kukaa mezani na kuhudumiwa, moja ya chakula cha haraka na moja ya kitafunwa. Yote miwili huja na kikombe cha kujazia vinywaji, ambacho hutumika hotelini tu, si ndani ya bustani. Mpango ulisimamishwa mwaka 2020 wakati wa korona, ukarudi Januari 2024. Uliporudi, mpango mkubwa ulikuwa dola 94.28 kwa usiku kwa mtu mzima na dola 29.69 kwa mtoto wa miaka 3 hadi 9. Mdogo ulikuwa dola 57.01 na dola 23.83.

Neno la kupigia mstari hapo ni usiku. Aliyelala usiku nne anakaa siku tano, lakini pointi ni za siku nne. Anayedhani amelipia kila mlo atakuta siku moja nzima iko nje ya hesabu, na kifungua kinywa cha kila siku pia. Wanaozoea hoteli za Diani au Nungwi, ambako ukilipia milo yote basi umelipia asubuhi, mchana na jioni, huteleza hapa kirahisi sana.

Chukua baba, mama, mtoto wa miaka minane na wa miaka mitano, kwa usiku nne. Kwa bei hizo za 2024, mpango mkubwa unawagharimu dola 991.76. Mdogo ni dola 646.72. Tofauti ni dola 345.04, na kinachonunuliwa na tofauti hiyo ni kwamba mlo mmoja wa haraka kila siku unageuka kuwa mlo wa mezani. Swali la familia hii si kama mpango ni mzuri. Swali ni kama walikuwa wakae mezani mara nne hata bila mpango.

Sasa wagawe wakubwa na wadogo. Bafe ambayo Mickey na wenzake wanapita meza kwa meza, kama Tusker House iliyopo Harambe au Chef Mickey's, peke yake humgharimu mtoto zaidi ya dola 30. Yaani pointi moja ya mtoto imesharudisha pesa ya siku nzima kabla hajala mlo wa pili wala aisikrimu. Kwa mtu mzima, bafe hiyo ya jioni ni dola 60 na ushee. Ongeza chakula cha haraka na soda, dola 20 hivi, na kitafunwa cha dola sita, kisha kodi, unafika pale pale kwenye dola 94 au unapita kidogo. Lakini akikaa kwenye mgahawa wa kawaida akaagiza sahani ya dola 28, kitindamlo cha dola 10 na soda, siku yake nzima inaishia kwenye dola 70 na kidogo. Amelipa dola 20 za ziada kwa kutoangalia. Wakubwa wawili kwa usiku nne wakifanya hivyo kila siku, ni dola 160 zimekwenda.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari ni rahisi: menyu zote na bei zake zimewekwa wazi na Disney yenyewe, na jioni moja ya kukaa na kalamu nyumbani inatosha kujua.

Kuna jambo ambalo Mswahili anapaswa kulitazama kwa makini zaidi kuliko Mmarekani. Bei ya mtu mzima inajumuisha kinywaji kimoja kwa kila mlo, na kwa aliyefikisha miaka 21 kinywaji hicho kinaweza kuwa bia, mvinyo au kokteli. Kokteli moja pale huweza kufika dola 16 au zaidi. Wengi wanaosifia mpango kwamba unalipa wamehesabu kokteli mbili kwa siku. Muislamu wa Mombasa, au Msabato wa Kisii, analipa bei ile ile na kuagiza soda. Anayemlipia jirani yake bia ni yeye. Njia ya kupunguza hasara ipo: pale zinapouzwa, mpango unaruhusu pia maziwa yaliyopigwa na aisikrimu na juisi nzito za matunda, ambazo bei yake inapita soda kwa mbali. Aulize kila mahali, asikubali tu soda kwa mazoea. Anayekula halali naye aulize mgahawa siku kadhaa kabla, si akiwa ameshakaa mezani na watoto wana njaa.

Jambo la pili ni sinia. Familia zetu zimezoea kula pamoja, huyu akimega kwa yule, na sahani za Marekani ni kubwa. Watu wanne wanaweza kununua sahani tatu za chakula cha haraka na kushiba. Maji baridi ya bomba hutolewa bure kwenye vibanda vya chakula ukiomba. Vyakula vya kutoka nje vinaruhusiwa kuingia bustanini, mradi si chupa za glasi wala pombe. Mama aliyebeba chapati na mayai ya kuchemsha kwenye kontena anaingia nazo langoni baada ya mkoba kukaguliwa, bila mtu kumkaripia. Kwa familia ya aina hiyo mpango unanunua chakula ambacho hakitaliwa, kwa sababu sheria yake ni kwamba kila mtu kuanzia miaka mitatu aliyeandikwa kwenye chumba lazima anunue, na kwa usiku wote. Bibi anayekula vijiko viwili vya wali halipi nusu. Kama familia ilikuwa ichukue vyumba viwili vyovyote vile, wanaokula kidogo na waandikwe kwenye oda ya chumba chao, nje ya mpango.

Siku ya kuzaliwa nayo ina bei. Mtoto akitimiza miaka 10, kampuni inamhesabu mtu mzima: kwa bei za 2024, dola 64.59 zaidi kila usiku, dola 258.36 kwa usiku nne. Tumbo lake halikukua usiku mmoja, lakini bili imekua. Mzazi mwenye uhuru wa kuchagua tarehe asafiri kabla ya keki ile. Kwa wanaofika mwaka 2026 faida ya kuwa chini ya umri huo ni kubwa zaidi, kwa kuwa Disney ilitangaza kwamba watoto wa miaka 3 hadi 9 watapewa mpango bure pale wakubwa wao wanapoununua. Familia ile ya watu wanne, kwa masharti hayo, inalipia watu wawili na kula kama wanne. Hapo hata baba wa soda anashinda.

Mtego wa migahawa ya kifahari unahitaji jicho kali. Mingine inakata pointi mbili za mezani kwa kila mtu, si moja. Jiko ni mojawapo. Ni mahali pazuri, na ghala lake la mvinyo wa Afrika Kusini limesifiwa sana Marekani, lakini familia ya watu wanne ikikaa hapo mara moja imetumia pointi nane, sawa na chakula cha mezani cha siku mbili. Cinderella's Royal Table, ndani ya ngome ya bustani ya Magic Kingdom, nayo ni mbili. Binti akiililia ngome hiyo, mzazi atajua mwenyewe anachonunua. Lakini ajue kwamba pointi hizo hizo zingempeleka kwenye bafe mbili za Mickey.

Boma, hatua chache kutoka Jiko, inakata pointi moja tu. Na hapa inafaa kukaa kidogo. Mgeni anapita na sahani yake kati ya vyungu vya supu, anakuta bobotie ya Afrika Kusini, fufu ya Afrika Magharibi, nyama iliyochomwa inayokatwa mbele yake, mchuzi wenye nazi. Mtu wa Pwani atachungulia nazi ile na kutoa hukumu yake. Mwishoni, kwenye meza ya vitamu, kuna vijikuba vidogo vyenye mistari myeupe na ya kahawia, viitwavyo Zebra Domes, laini ndani, vyenye ladha ya kahawa na Amarula, kwa hiyo asiyegusa pombe avipite. Hakuna anayehesabu umechukua sahani ngapi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu anakula bafe bila pointi. Kwa pointi moja, ni vigumu kupata mahali pazuri zaidi.

Pia ni mahali pa kutumia muda vizuri, kwa sababu muda nao ni pesa. Tiketi ya siku moja ya bustani inazidi dola 100 kwa mtu, na mlo wa mezani unachukua saa moja na nusu. Anayekaa mezani saa sita mchana ndani ya Magic Kingdom anakula saa alizolipia ghali. Pointi zinaanza kutumika siku ya kufika na kufa usiku wa manane siku ya kuondoka, kwa hiyo siku hizo mbili, ambazo familia iko hotelini tu na mizigo, ndizo za bafe. Nafasi za meza hufunguliwa siku 60 kabla. Anayengoja mpaka afike ataambiwa zimejaa, na pointi za mezani zitageuka mzigo.

Bakshishi haimo kwenye mpango tangu mwaka 2008. Hapo awali, mpango ulipoanza mwaka 2005, ilikuwemo, pamoja na chakula cha kuanzia. Leo mgeni anatenga asilimia 18 hadi 20 ya bei ya menyu kwa mhudumu, na kundi la watu sita au zaidi hukatwa 18 moja kwa moja. Mhudumu huyo anaishi kwa pesa hiyo. Asidhulumiwe kwa sababu mgeni anadhani amemaliza kulipa.

Na bado kuna faida moja ambayo risiti haioneshi. Familia inayokusanya shilingi kwa muda mrefu, ikalipa viza na nauli, inafika ikiwa imeshajua chakula kimegharimu kiasi gani, kwa kiwango cha dola cha siku waliyolipa. Mtoto akitaka aisikrimu ya umbo la Mickey, baba hana haja ya kukunja uso, pointi ipo. Kwa mzazi wa namna hiyo, dola 20 za hasara kwa siku zinaweza kuwa bei ya haki. Ila azijue ni 20.

Asubuhi ya mwisho hoteli hujaa watu wanaotazama simu zao kuona zimebaki ngapi. Wengi wana pointi za vitafunwa tatu, nne, tano. Katika Jambo House, mgahawa wa haraka uitwao The Mara uko wazi mapema, na kabla basi la uwanja wa ndege halijafika, mama mmoja mmoja hutoka humo na mfuko wa biskuti na matunda ya njiani, pointi za mwisho zimeisha, na mtoto ameshafungua pakiti ya kwanza.