Kisichoandikwa Nacho Kimo

Miongoni mwa itikadi zilizokita mizizi katika miamala yetu, kuanzia maduka ya Kariakoo hata vyumba vya kupanga vya Mombasa, hakuna iliyoenea zaidi, wala iliyowafaa wenye nguvu zaidi, kuliko ile isemayo kwamba mkataba ni karatasi, na kwamba neno lisiloonekana katika karatasi hiyo halimo katika mkataba. Mfanyakazi anyimwaye likizo huambiwa aonyeshe mstari uliomwahidi likizo hiyo. Mpangaji wa chumba kinachovuja huulizwa ni wapi palipoandikwa kwamba mwenye nyumba ataliziba paa. Na mnunuzi arudishaye pasi iliyoungua siku ya kwanza huelekezwa kwenye kibao cha ukutani kisemacho kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Wote watatu aghalabu hunyamaza wakaenda zao, wakiamini kwamba wameshindwa kwa haki. Mimi nasema kwamba hawakushindwa kwa haki hata kidogo, na kwamba itikadi iliyowanyamazisha ni batili mbele ya sheria, ni ngeni kwa desturi zetu, na ni mlango mpana wa dhuluma.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961 ikachukua mahali pa sheria ya Wahindi ya 1872, inaeleza katika kifungu chake cha 10 ni makubaliano gani yaliyo mkataba: yale yaliyofanywa kwa ridhaa huru, na watu wenye uwezo wa kufunga mkataba, kwa badali halali na kwa kusudi halali. Wino haukutajwa kuwa nguzo, isipokuwa pale sheria nyingine inapotaka maandishi, kama vile katika kuhamisha ardhi. Basi ikiwa mkataba waweza kuzaliwa bila ya karatasi, yawezekanaje karatasi ikawa ndiyo mpaka wa kila kilichomo ndani yake?

Tazama mauziano ya bidhaa. Tanzania na Kenya zilirithi, tangu zama za ukoloni, sheria iliyofuata ile ya Uingereza ya 1893, ambayo Mackenzie Chalmers aliiandika baada ya kukusanya hukumu za mahakama na ada za wafanyabiashara. Sheria hiyo hutia ndani ya kila mauziano mambo ambayo muuzaji na mnunuzi huenda hawakuyatamka: kwamba muuzaji anayo haki ya kukiuza kitu hicho; kwamba kitu kilichouzwa kwa maelezo kitalingana na maelezo yake; kwamba kilichouzwa kwa sampuli kitafanana na sampuli; na kwamba muuzaji ambaye biashara yake ni bidhaa za aina hiyo hatatoa kitu kibovu kisichofaa kazi ya kawaida ya kitu kama hicho. Mwaka 1923 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua shauri la Rowland, aliyenunua gari kwa pauni 334, kisha ikabainika baada ya miezi kadhaa kwamba gari lilikuwa la wizi, polisi wakalichukua. Naye akarudishiwa fedha zake zote, ijapokuwa gari lilikuwa limekwisha kutumika, kwa sababu aliyemuuzia hakuwa na milki ya kumhamishia. Mwaka 1935 Baraza la Faragha la London, ambalo wakati huo lilikuwa ndilo kituo cha mwisho cha rufani za Afrika Mashariki pia, lilimpa haki Daktari Grant wa Australia, aliyenunua nguo za ndani za sufu zilizobaki na dawa ya kiwandani, zikamletea maradhi mabaya ya ngozi. Hakuna aliyemwandikia Daktari Grant kwamba nguo zake hazitamdhuru. Sheria ilikuwa imekwisha kumwandikia.

Katika ajira jambo hili ni bayana zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, Na. 6 ya 2004, inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo, inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na inataka kila saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu ya ujira wa saa. Na Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inatoa likizo isiyopungua siku 21 za kazi. Haki hizi hazisubiri hisani ya mwajiri wala ufasaha wa karani wake. La ajabu zaidi, kwa wale wanaoiabudu karatasi, ni kwamba sheria hizi zimemtwika mwajiri wajibu wa kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Na akishindwa kuyaleta mbele ya shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa humwangukia yeye mwajiri. Maana yake ni kwamba yule tajiri anayejigamba kuwa hakumwandikia mtu kitu, akidhani amejivua deni, kumbe amejitwisha kazi ya kuthibitisha.

Na katika upangaji, Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 na ile ya Kenya ya 2012 zimetia ndani ya mikataba ya pango ahadi za pande zote mbili. Mwenye nyumba anachukuliwa kuwa ameahidi kwamba mpangaji alipaye kodi ataishi kwa amani bila ya kubughudhiwa, na kwamba, pale anapopangisha sehemu tu ya jengo, yeye ndiye atakayetunza paa, kuta kuu na njia za maji machafu. Mpangaji naye anachukuliwa kuwa ameahidi kulipa kodi kwa wakati wake, kukitunza alichokabidhiwa, na kutokimilikisha mtu mwingine pasipo idhini. Nasisitiza upande huu wa pili kwa makusudi, kwa maana wako wanaodhani kwamba kutetea yasiyoandikwa ni kuwatetea wanyonge peke yao. Sivyo. Mfanyakazi ambaye karatasi yake haikutaja uaminifu hana ruhusa ya kuuza siri za tajiri wake, na mpangaji ambaye hakuandikiwa neno juu ya milango hana ruhusa ya kuing'oa. Sheria iliyompa mmoja haki imemfaradhishia na wajibu.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu, na kwamba wazee wetu walijua neno lililosemwa tu. Hao wameisahau fiqhi ambayo makadhi wa mwambao waliifuata kwa karne nyingi kabla ya bendera ya Mwingereza kupandishwa. Humo mnunuzi aliyeuziwa kitu chenye aibu iliyofichika anayo khiyari ya kukirudisha, hata kama hakushartia chochote wakati wa kununua, maadamu aibu hiyo ilikuwako kabla hajakipokea naye hakuijua. Humo pia mna kanuni kwamba ada huhukumu, kanuni ambayo Dola ya Othmaniya iliiweka katika milango ya mwanzo ya Majalla, mkusanyo wa sheria uliotungwa baina ya 1869 na 1876, pamoja na nyingine ya kwamba lijulikanalo baina ya wafanyabiashara huhesabiwa kuwa sharti baina yao. Basi mtu asemaye kwamba kisichoandikwa hakimo haitetei mila, anaivunja.

Ipo hoja moja nzito, nayo yastahili jawabu la adabu. Watu husema: ikiwa mahakama zaweza kutia katika mkataba mambo ambayo wenyewe hawakuyasema, nani atakuwa na hakika ya alichokubali? Lakini milango hiyo haikuachwa wazi. Neno la dhahiri ambalo sheria haikulikataza hulishinda neno la kudhaniwa, na hakimu hana ruhusa ya kuutengeneza mkataba upya ati kwa kuwa angependa uwe mzuri zaidi. Mwaka 1889, katika shauri la meli iitwayo Moorcock, iliyofungwa gatini katika mto Thames, na maji yalipokupwa ikakaa juu ya kigongo kigumu ikavunjika, mahakama ilihukumu kwamba wenye gati walikuwa wameahidi kuchukua hadhari ya kujua kama pale chini ni salama; kwa kuwa pasipo ahadi hiyo biashara nzima ya kuifunga meli pale ingekuwa haina maana. Tangu hapo kipimo kimekuwa ulazima, na si huruma. Kwa hiyo mwenye kuogopa kwamba hakimu atamzulia deni aogope pungufu, na mwenye kutumaini kwamba hakimu atamwokoa na kila upumbavu wake atumaini pungufu vilevile: aliyekikagua kitu kabla ya kukinunua hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha.

Na kile kibao cha ukutani? Masharti hujadiliwa kabla ya mapatano. Tangazo analoliona mtu baada ya kulipa si sehemu ya alichokipatana. Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua hivyo mwaka 1949 juu ya ilani ya hoteli iliyobandikwa chumbani, mahali ambapo mgeni hufika akiwa amekwisha kufunga mkataba wake mapokezini. Na nchini Kenya, Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012 inalibatilisha neno lolote linalojaribu kumvua mnunuzi wa kawaida dhamana alizopewa na sheria. Kibao hicho, basi, nguvu yake kubwa ni ile ya kumtisha asiyejua.

Siidharau karatasi. Aya ya deni katika Sura ya Baqara inatuamrisha kuandika, na mwenye akili ataandika, kwa kuwa maandishi huhifadhi kumbukumbu na kupunguza ugomvi. Ninachokipinga ni kuifanya hifadhi ya kumbukumbu kuwa kaburi la haki. Itikadi hii inamnufaisha siku zote yule ashikaye kalamu, ambaye ndiye tajiri, mwenye nyumba na mwenye duka. Na kila anayeirudia, hata kwa nia njema, anamfanyia mtu huyo kazi bila ya ujira.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. Kwa wasomi wa sheria, waache kuzificha kanuni hizi katika lugha ya kigeni, wazifundishe kwa Kiswahili madarasani, misikitini, makanisani na katika vyama vya wafanyakazi, kwa kuwa haki isiyojulikana na mwenyewe huliwa na wengine. Kwa kila mtu anayefunga mkataba, asitosheke na kuuliza karatasi inasema nini. Aulize pia sheria imekwisha kusema nini kabla ya karatasi hiyo kuandikwa, na ada ya biashara hiyo ni ipi, kisha ayadai aliyopewa na ayatimize aliyotwikwa. Na atakayeambiwa, "Nionyeshe palipoandikwa," ajibu pasi na woga kwamba pameandikwa katika sheria ya nchi, ambayo mwenye kuuliza naye imemfunga.