Woga na Aibu Ndio Mtaji wa Tapeli

Kila inaposikika habari kuwa mwalimu fulani amepoteza mshahara wake wa mwezi kwa sababu ya ujumbe wa simu, au kuwa karani fulani ameifungua barua pepe ya bandia na kuwafungulia wezi mlango wa idara nzima, kauli ya kwanza ya watu wengi huwa ni ile ile: mjinga huyo! Wengine huongeza, huku wakicheka, kuwa ameponzwa na tamaa. Kicheko kikiisha, kila mtu hurudi mezani kwake akijihesabu kuwa miongoni mwa werevu, na shauri hilo huwa limekwisha.

Kauli hiyo haina budi kupingwa. Ubaya wake si ukatili tu. Ni kauli ya uongo, na anayenufaika nayo kuliko wote ni mwizi mwenyewe.

Tapeli wa barua pepe na wa simu havunji mlango wala hashiki panga. Mtaji wake ni mambo matatu: haraka, woga na aibu. Haraka humfanya mtu asifikiri. Woga humfanya asiulize. Na aibu humfanya asiseme baada ya kuibiwa. Haraka huja nayo tapeli mwenyewe, kwa maneno yake ya "sasa hivi" na "kabla ya saa kumi". Lakini woga na aibu haji navyo. Hivyo huvikuta ofisini na shuleni, vimekwisha pandwa na kupaliliwa, na kazi yake huwa ni kuvuna tu.

Wanaodhani kuwa wanaotapeliwa ni mbumbumbu na wayaangalie mambo yaliyotokea katika nchi zinazojivunia utaalamu wa kompyuta kuliko nyingine zote. Kati ya mwaka 2013 na 2015, Mlithuania mmoja aitwaye Evaldas Rimasauskas alizitumia kampuni za Google na Facebook ankara za bandia, akijifanya kuwa ni kampuni ya Taiwan iliyokuwa ikifanya nazo biashara. Karatasi zilikuwa na mihuri na sahihi za kughushi, na malipo yakafanywa. Zaidi ya dola milioni 100 za Marekani zilihamishwa kwa hila hiyo. Mwaka 2019 mahakama ya New York ilimhukumu kifungo cha miaka mitano.

Mwezi Machi 2016, John Podesta, aliyekuwa mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton ya kugombea urais wa Marekani, alipata barua pepe iliyojifanya kutoka Google, ikimwonya kuwa mtu fulani amelipata neno lake la siri na kwamba inampasa alibadilishe mara moja. Wasaidizi wake walifanya jambo la busara: walimwuliza mtaalamu wa kompyuta. Mtaalamu akajibu kuwa barua hiyo ni halali. Baadaye alieleza kuwa alikusudia kuandika kuwa si halali. Alitoa pia anwani sahihi ya kubadilishia neno la siri, lakini kiungo kilichobonyezwa ni kile cha mwizi. Maelfu ya barua za Podesta yakaanikwa hadharani kuanzia Oktoba mwaka ule ule. Je, watu hao nao walikuwa washamba wasiojua kompyuta?

Lakini mkasa unaowahusu zaidi watumishi wa umma ni ule wa Benki Kuu ya Bangladesh, kwa kuwa fedha zilizoibwa zilikuwa mali ya umma. Mwezi Januari 2015 wafanyakazi kadhaa wa benki hiyo walipata barua pepe yenye adabu kutoka kwa mtu aliyedai kuwa anatafuta kazi, akiwaomba wayafungue maelezo yake binafsi. Ndani ya maelezo hayo ndimo ilimokuwa ndoano. Wezi wakaingia katika kompyuta za benki, wakakaa humo kimya kwa mwaka mzima wakijifunza taratibu zake. Usiku wa Alhamisi, tarehe 4 Februari 2016, wakati Bangladesh ikiingia katika mapumziko ya mwisho wa juma, walituma maagizo 35 kwa Federal Reserve Bank ya New York, wakitaka kuhamisha karibu dola milioni 951. Maagizo mengi yalizuiwa. Dola milioni 20 zilizoelekezwa Sri Lanka ziliokolewa kwa sababu mwizi alikosea herufi katika jina la taasisi ya kupokea, na benki iliyokuwa katikati ikashtuka na kuuliza. Dola milioni 81 zilifika Ufilipino, na sehemu kubwa yake ikapotelea katika nyumba za kamari.

Yapo mafunzo mawili hapo. La kwanza ni kuwa dola milioni 20 ziliokolewa na swali moja la mtu aliyekataa kupitisha jambo asilolielewa. La pili ni kuwa uongozi wa benki uliufunga mdomo. Waziri wa Fedha wa nchi hiyo alisema kuwa habari za wizi huo alizipata kupitia vyombo vya habari, karibu mwezi mzima baadaye. Gavana wa benki akajiuzulu mwezi Machi. Swali liliokoa mali ya umma. Ukimya ulimpa mwizi nafasi ya kwenda zake.

Tanzania haiko mbali na mambo hayo. Ndoano ni ile ile. Kinachobadilika ni chambo. Ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" umezoeleka kiasi cha kugeuzwa utani, lakini bado unatumwa kwa sababu bado unalipa. Miongoni mwa maelfu wanaoupokea, hakosekani mmoja ambaye saa ile ile alikuwa kweli anakusudia kumtumia mtu fedha. Huyo si mjinga. Ujumbe umemkuta njiani. Mzazi hupigiwa simu na "mwalimu" kuwa mtoto wake ameanguka shuleni na anahitaji matibabu. Mwalimu hupigiwa na "ofisa" kuhusu mkopo, uhamisho au malimbikizo ya mshahara. Mstaafu hupigiwa kuhusu mafao aliyoyangojea miaka yote. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayeponzwa na tamaa. Wote wanaguswa mahali panapouma, na tapeli anapajua.

Hali kadhalika wako wanaojifanya wahudumu. Mtu hupiga simu akajitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja, akadai namba ya siri au namba ya uthibitisho iliyoingia punde hivi kwenye simu. Mamlaka ya Mawasiliano imekwisha kuwatangazia wananchi kuwa simu ya kweli ya huduma kwa wateja wa makampuni ya simu hutoka namba 100, wala haitoki katika namba ya kawaida ya mtu binafsi. Kwenye kompyuta, tapeli wa aina hiyo huleta onyo jekundu lenye kupiga kelele, likisema kuwa mashine ina virusi na kwamba ipigwe namba fulani upesi. Anayepiga humpata "fundi" mpole, ambaye humwagiza aweke programu ya kumwezesha fundi huyo kuiendesha kompyuta kutoka mbali. Kisha fundi humwonyesha kumbukumbu za kawaida za mashine na kuzipa jina la ugonjwa, akadai malipo, na pengine akaondoka na siri zote zilizomo. Kampuni ya Microsoft imetamka wazi kuwa maonyo yake ya kweli hayana namba ya simu ya kupiga.

Zamani watu waliambiwa kuwa barua ya tapeli hujulikana kwa lugha yake mbovu. Ushauri huo umepitwa na wakati. Leo zipo programu za akili mnemba zinazoweza kumwandikia mwizi barua safi, yenye salamu za heshima na kumbukumbu namba ya jalada. Kwa hiyo jambo la kupimwa si uzuri wa barua bali ni dai lililomo. Barua inayodai siri, inayodai fedha, inayodai haraka na inayokataza kuuliza, hiyo itiliwe shaka hata ikiwa imeandikwa kwa wino wa dhahabu. Anwani nayo isomwe kutoka mwisho. Anwani ya serikali ya Tanzania huishia kwa go.tz, ikiwa herufi hizo zimo mwanzoni au katikati, na mwisho wake ni kitu kingine, hiyo si ya serikali. Na kwa kuwa hata anwani ya kweli inaweza kutekwa, agizo la fedha lithibitishwe kwa njia nyingine: kwa kumpigia aliyeagiza katika namba inayojulikana tangu zamani, wala si katika namba iliyoandikwa ndani ya barua hiyo hiyo.

Mambo hayo si magumu, na wengi wameyasikia. Kwa nini basi hayafuatwi? Hapa ndipo inapolazimu kusema ukweli unaoudhi. Hayafuatwi kwa sababu katika ofisi nyingi kuuliza kumefanywa kuwa kosa.

Mhasibu anapata barua pepe yenye jina la mkurugenzi: "Niko kikaoni, usinipigie, shughulikia malipo haya kabla ya saa kumi." Anaona kuwa kuna kasoro. Lakini anakumbuka jinsi mwenzake alivyofokewa mbele za watu kwa kuuliza jambo dogo kuliko hilo. Anakumbuka pia kuwa mkurugenzi wa kweli huandika hivyo hivyo, kwa ukali huo huo, tena kwa anwani yake binafsi badala ya ile ya serikali. Basi mhasibu huyo afanye nini? Tapeli hakubuni sauti ya bwana mkubwa. Ameiazima tu kutoka kwa bwana mkubwa mwenyewe. Umangimeza ndio uliomfundisha mtumishi kutii bila kuhoji, na siku ya siku mtii huyo anamtii mwizi.

Watasema wateteaji wa desturi hiyo kuwa kuhoji maagizo ni utovu wa nidhamu. Huo ni upotoshaji. Tangu zamani hundi ya serikali haikutoka kwa sahihi ya mtu mmoja, na hakuna mkuu aliyesema kuwa sahihi ya pili ni tusi kwake. Masjala haikupokea jalada bila kuliandika katika daftari, na hakuna aliyedai kuwa daftari hilo linamshuku mtu. Uthibitisho ni utaratibu wa kazi, na utaratibu hauna dharau. Watasema pia kuwa kuuliza kunachelewesha kazi. Simu ya dakika mbili inachelewesha kazi kwa dakika mbili. Fedha zilizokwenda kwa tapeli huichelewesha kazi kwa mwaka mzima, na pengine zisirudi kamwe.

Lawama haiishii kwa wakuu wa idara. Wako watumishi wanaobandika neno la siri kwenye ukingo wa kompyuta, au kumwachia kijana wa mafunzo ya kazi awafanyie shughuli zote kwa jina lao. Yako pia makampuni na taasisi zinazowatumia wateja ujumbe wenye viungo vya kubonyeza, na kuwapigia simu kuwataka wathibitishe taarifa zao, kisha siku ya pili zinawaonya wasibonyeze viungo wala wasitoe taarifa kwa simu. Mwenye kumzoeza mteja kufungua mlango kwa kila anayebisha hana haki ya kumcheka akiibiwa.

Wala asiwepo wa kujifariji kuwa sheria pekee itatosha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulikamilishwa mwaka 2020. Hatua hizo ni za lazima, na yafaa zitekelezwe bila ajizi. Lakini sheria humfuata mwizi akiwa amekwisha kuiba. Anayemzuia mlangoni ni mtumishi mwenye ujasiri wa kusema: ngoja kwanza, niulize.

Ujasiri huo hauwezi kuagizwa kwa waraka huku ukiadhibiwa kwa vitendo. Mkuu wa shule na mkuu wa idara watamke mbele ya watumishi wao kuwa yeyote atakayewapigia kuthibitisha agizo la fedha au la siri hatafokewa, na siku ya kupigiwa washukuru. Shughuli za serikali zifanywe kwa barua pepe ya serikali. Na mtumishi aliyekwisha kunaswa aweze kusema saa ile ile, ili benki ijulishwe, neno la siri libadilishwe kwa kompyuta nyingine, polisi wapewe taarifa, na namba ya tapeli wa simu ipelekwe 15040. Saa ya kwanza baada ya wizi ni ya thamani kuliko kamati zote zitakazoundwa baadaye, na saa hiyo hupotea kwa sababu aliyeibiwa amejifungia chumbani akiogopa kuchekwa.

Kwa hiyo anayemcheka mwalimu aliyetapeliwa na ajue anachokifanya. Anawafundisha walimu wengine kumi kunyamaza zamu yao itakapofika. Tapeli hahitaji mshirika mwingine zaidi ya huyo.