Tatu kati ya Tano

Nimesahihisha mitihani kwa miaka 34, na 11 kati ya hiyo nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, lakini sijapata kuona alama iliyosomwa vibaya kama ile niliyoikuta mwanzoni mwa mwaka 2019 ukutani mwa hoteli moja huko Tirol, nchini Austria.

Ndugu msomaji, najua utaniuliza theluji inamhusu nini mzee wa Old Moshi. Mimi nilikua nikiitazama theluji ya Kibo kila alfajiri kabla mawingu hayajaifunika, na wala sikuigusa hadi nilipokuwa na mvi kichwa kizima. Binti yangu ni muuguzi katika nchi hiyo ya Austria, ameolewa huko, na wanawe hupanda skii kama wetu wapandavyo baiskeli. Nilikwenda kuwajulia hali, nao wakanipeleka milimani kwa siku nne, nikae dirishani na blanketi huku wao wakiteleza.

Usiku wa pili theluji ilianguka bila kukoma. Asubuhi karibu na mlango wa chumba cha chakula palikuwa na ubao, nikamwomba binti yangu anisomee. Theluji mpya: sentimita 60. Hali ya theluji: bora kabisa. Lifti karibu zote zilikuwa wazi. Halafu chini kabisa, kwa maandishi madogo kama yale ya mikataba ya mikopo: hatari ya maporomoko, 3.

Mjukuu wangu, kijana wa miaka 17, alikuwa amekwisha kupanga na wenzake wawili waache njia zilizotengenezwa, washuke mteremko mmoja ambao haujakanyagwa na mtu. Nikamwuliza ile tatu ni ya nini. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Babu, ni tatu tu kati ya tano. Ni katikati."

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipoanza, nao haujaisha hadi leo.

Kwanza tuseme hiyo tano ni nini. Nchi za Ulaya zenye milima mirefu zilikubaliana mwaka 1993 kutumia kipimo kimoja cha hatari ya maporomoko ya theluji, chenye ngazi tano. Kabla ya hapo kila nchi ilikuwa na kipimo chake, na msafiri aliyevuka mpaka alilazimika kujifunza upya. Lilikuwa jambo jema, sikatai. Ngazi ya kwanza ni hatari ndogo, ya pili ya wastani, ya nne kubwa, ya tano kubwa sana. Ile ya tatu Wajerumani wameipa neno ambalo mimi ningelitafsiri "si haba". Tazama basi: wastani ni mbili, si tatu! Waliotunga kipimo wameliandika waziwazi, lakini jicho la binadamu likiona tatu kati ya tano halisomi neno tena. Linakumbuka shule. Linaona asilimia sitini, mtoto amefaulu, twende nyumbani.

Nasi walimu tuna sehemu yetu katika kosa hili, maana ndio tuliowazoesha watu kuamini kwamba kutoka mbili hadi tatu ni hatua sawa na kutoka moja hadi mbili. Katika kipimo hiki sivyo. Kila ngazi hatari huongezeka maradufu, au zaidi ya hapo. Huko Uswisi, ambako hesabu za mambo haya zimetunzwa kwa miaka mingi, karibu nusu ya wanaokufa katika maporomoko hufa siku ambazo ngazi iliyotangazwa ni ya tatu. Ikifika ya nne wengi huogopa. Ikifika ya tano barabara hufungwa na lifti husimama, kwa hiyo mchezaji wa skii hana pa kwenda. Ngazi ya tano ni ya wanavijiji. Kwa kijana mwenye skii miguuni, kipimo kinaishia nne, na tatu yake ni tatu kati ya nne.

Ya tano ni ipi? Waulize watu wa Galtür, kijiji cha bonde la Paznaun huko huko Tirol. Mwezi Februari 1999 theluji ilianguka siku nyingi mfululizo, barabara ikafungwa, wageni wakakwama hotelini. Tarehe 23 mchana mlima ulishuka hadi ndani ya kijiji, ukafika mpaka kwenye nyumba zilizodhaniwa kuwa mahali salama. Watu 31 walikufa. Siku iliyofuata, Valzur, kitongoji cha jirani, kikapoteza watu saba. Wale hawakuwa wakicheza. Walikuwa majumbani na barabarani.

Sasa turudi kwenye zile sentimita 60 za "hali bora kabisa". Theluji iliyoanguka karibuni, ikishaanza kushikana kidogo, mita moja ya ujazo yaweza kufika kilo 100. Kwa hiyo sentimita 60 ni kilo 60 juu ya kila mita ya mraba. Chukua mteremko wenye ukubwa wa kiwanja cha mpira, ufanye hesabu mwenyewe: ni karibu tani 400, malori 40 ya tani kumikumi, yameegeshwa kwa usiku mmoja juu ya paa la mlima. Na yameegeshwa juu ya nini? Hapo ndipo penye siri. Theluji ya zamani iliyo chini, ikikaa siku nyingi katika baridi kali na anga safi, hugeuka punje zisizoshikana, mfano wa sukari. Mwaga kunde sakafuni, tandika mkeka juu yake, kisha ukanyage. Theluji mpya huwa ndiyo mkeka. Mteremko ukizidi nyuzi 30, uzito wa mtu mmoja watosha kulikata bamba zima likaondoka naye. Ndiyo maana wanaokumbwa, tisa katika kila kumi, hulianzisha poromoko wenyewe au huanzishiwa na mwenzao. Mlima hauwavizii, wao huuamsha.

Upepo nao huongeza mambo. Huizoa theluji upande mmoja wa kigongo na kuirundika upande wa pili, hata ubao wa hoteli ukisema 60 huko juu nyuma ya kigongo zikawa mita moja na nusu. Ule ubao hausemi habari ya upepo. Unasema "bora".

Bora kwa nani? Kwa anayeuza tikiti za lifti na vitanda. Mimi sina chuki na biashara. Binti yangu alilipa na supu ilikuwa nzuri. Tena nawapa haki yao: alfajiri ile nilisikia milio ya baruti, wafanyakazi wa kituo wakiyaangusha maporomoko kwa makusudi kabla wageni hawajaamka, na anayebaki katika njia zilizosindiliwa na kuwekewa alama ana ulinzi wa kutosha. Ninachokikataa ni kumwandikia mgeni furaha kwa herufi kubwa na kifo kwa tarakimu moja. Tena hiyo tarakimu haikukosa maelezo. Kila jioni katika majira hayo, wataalamu wa Tirol hutoa taarifa ya siku inayofuata, nayo hueleza hatari iko kwenye miteremko inayoelekea wapi, kuanzia kimo gani, na imesababishwa na nini. Hoteli huichukua kazi hiyo yote, ikaikamua, ikabakiza "3". Ni sawasawa na mwalimu mkuu kumpelekea mzazi ripoti ya mwanawe yenye alama tu, baada ya kuyakata maneno ya mwalimu wa darasa yasemayo mtoto anazimia.

Wapo watakaosema mjinga ni mjinga hata akiandikiwa kitabu. Wana hoja. Tarehe 12 Januari mwaka huo huo wa 2019, huko Lech, katika jimbo la jirani la Vorarlberg, watelezaji wanne waliingia njia iliyokuwa imefungwa, nao wakafunikwa. Walikuwa na vifaa vya kisasa, hata mifuko ya kujazwa hewa ya kumwelesha mtu juu ya theluji. Hakuna aliyepona. Lakini hoja hiyo yahusu wanaoona kizuizi wakakivuka. Mjukuu wangu hakuvuka kizuizi chochote. Alisoma alichoandikiwa, akakisoma kama tulivyomfundisha kusoma namba.

Nilimwambia haendi. Binti yangu akanikata: "Baba, huku wanajua mambo yao." Mkwe wangu, mtu wa maneno machache, aliendelea na kahawa yake mpaka nikadhani hatasema. Kisha akatoa simu, akaitafuta ile taarifa kamili, akamsomea mwanawe polepole, nami nikitafsiriwa: miteremko ya kaskazini na mashariki, juu ya mita 2,200, bamba lililojengwa na upepo, mtelezaji mmoja aweza kuliangusha. Akamwuliza mteremko wenu unaelekea wapi. Kijana akanyamaza. Ulikuwa wa kaskazini.

Hakwenda. Wenzake walikwenda.

Ningependa kukuambia kwamba mlima uliniunga mkono, lakini haukufanya hivyo. Saa saba mchana wale vijana wawili walirudi mashavu mekundu, wakila na kucheka, wakisema haijapata kutokea siku kama ile. Mjukuu wangu alinitazama mezani. "Umeona, Babu?" Siku mbili hakuniamkia vizuri.

Ndiyo, niliona. Niliona msahihishaji mbovu kuliko wote niliopata kufanya nao kazi. Mlima huweka alama ya vema kwenye jibu lisilo sahihi, mara ya kwanza, mara ya ishirini, na mwanafunzi hutoka akiamini amelielewa somo. Siku ukisahihisha sawasawa, huna robo saa ya kumfukua mtu akiwa hai, na wa kufukua ni wale wale alioongozana nao. Mwalimu wa namna hiyo hafai kuachiwa darasa, ndiyo maana maneno ya onyo hayana budi kutangulia namba, kwa herufi zile zile zilizotumika kuandika "bora kabisa".

Niliporudi Moshi niliiandikia hoteli barua, binti yangu akaitia katika Kijerumani. Nilipendekeza sentensi mbili tu za wataalamu ziwekwe juu ya ubao. Walinijibu kwa adabu sana. Walinishukuru kwa kuwatembelea, wakanikaribisha tena, na ndani ya bahasha wakatia kijitabu cha matangazo ya majira yaliyofuata. Jalada lake ni picha ya kijana mmoja, peke yake, kwenye mteremko mkali usio na alama ya mguu wa mtu, theluji ikimfika kiunoni.