Ndoa ya Lazima si Mila Yetu

Kuna neno linalotumiwa vibaya sana huku kwetu Kianyaga, nalo ni neno "mila." Mzazi akitaka kumwoza binti yake kwa mtu asiyemtaka, na majirani wakauliza, jibu ni lile lile: "Hii ni mila yetu Wakikuyu." Nimelisikia jibu hilo mara nyingi, na leo ningependa tulipime pamoja, ndugu msomaji.

Tuanze na mila yenyewe. Wazee wa upande wa mvulana walipokwenda kuposa, walichukua pombe. Lakini pombe hiyo haikunywewa vivi hivi. Msichana aliitwa mbele ya wazee akaulizwa kama inywewe au isinywewe. Neno lake ndilo lililofungua njia ya ruracio, yaani mahari, na baadaye ngurario, siku ya kuchinja.

Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, alieleza kwamba vijana walikuwa na uhuru wa kuchaguana. Alieleza pia jinsi wanawake wa kwa bwana arusi walivyomnyakua bibi arusi na kumbeba juu juu huku akipiga mayowe. Mgeni angedhani ametekwa, kumbe ni mchezo wa arusi. Na mwaka 1968 Eugene Cotran, alipoziandika sheria za kimila za ndoa nchini Kenya, aliitaja ridhaa kuwa sharti mojawapo la ndoa ya Kikuyu.

Sisemi kwamba zamani hakuna aliyelazimishwa. La hasha! Mwanahistoria Tabitha Kanogo ameandika habari za wasichana wa enzi ya ukoloni waliotoroka ndoa walizopangiwa wakakimbilia misheni. Palipo na kilio cha desturi, kilio cha kweli chaweza kupita bila kusikika. Lakini baba aliyemlazimisha binti yake aliivunja mila, hakuitimiza.

Siku hizi kulazimisha kumebadilika sura. Msichana wa shule akipata mimba, watu wa kwa mvulana huja jioni, wazee huketi, mbuzi huhesabiwa, na jambo "linamalizwa nyumbani." Mama anaogopa aibu, baba anawaza karo na mdomo mwingine wa kulishwa. Mwenye mimba yuko jikoni, anapika chai ya wageni. Hakuna anayemwita aulizwe. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya korona, zikakaa hadi Januari 2021 kabla ya kufunguliwa kikamilifu, wasichana wengi nchini hawakurudi darasani.

Kuna na kamba nyingine, nayo ni mahari iliyokwisha kuliwa. Mke anayepigwa akirudi kwao huulizwa, "Mbuzi wa watu tutawatoa wapi?" Basi anarudishwa. Huyo naye amelazimishwa, hata kama siku ya arusi alicheka.

Sheria iko wazi. Katiba ya 2010 inasema ndoa ni kwa ridhaa ya wote wawili. Sheria ya Ndoa ya 2014, ambayo inahusu hata ndoa za kimila, inaweka umri wa chini kuwa miaka 18, na ndoa ambayo mmoja alishurutishwa ni batili. Anayeoa mtoto aweza kufungwa hadi miaka mitano, au kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, au yote mawili. Nayo sheria ya 2015 ya kuzuia ukatili wa nyumbani inaihesabu ndoa ya lazima kuwa ukatili, na mahakama yaweza kutoa amri ya kumlinda mhusika.

Basi aliyefikwa na jambo hili afanye nini? Kwanza, amwambie mtu mmoja anayemwamini: mwalimu, shangazi, muuguzi au kiongozi wa dini. Kwa mtoto, nambari 116 hupigwa bure. Kwa mtu mzima, ipo 1195, nayo ni bure. Afisa wa watoto, chifu na dawati la jinsia katika kituo cha polisi wana wajibu wa kusikiliza. Aliyenajisiwa awahi hospitali kabla ya saa 72 kwisha, ili apewe dawa za kuzuia ukimwi. Kesi itafuata baadaye. Anayehitaji wakili na hana fedha awaendee FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake kilichoanzishwa mwaka 1985.

Na jirani asiseme "hayo ni ya nyumba ya watu." Kumpeleka msichana kwa chifu si kuingilia boma la mtu.

Nasi wazazi, ikiwa kweli tunaipenda mila, basi tuifuate yote. Kabla ya mbuzi wa kwanza kupokewa, binti aitwe, aketi, aulizwe. Akisema hapana, wageni wanywe chai yao waende na mbuzi wao.