Ulikuwaka wapi ile siku Mzee alikufa?

Kila mwaka, katikati ya mwezi wa kwanza, konje mbili zinafuatana: tarehe 16 ya Mzee Laurent-Désiré Kabila, na tarehe 17 ya Patrice Lumumba. Bukari inaiva, wakubwa wanakaa chini ya muti, na swali ni lile lile: "Weye ulikuwaka wapi ile siku?" Kila mutu iko na jibu yake. Sisi pia tuko na yetu.

Mwezi wa kwanza wa 2001 ulitukuta tayari na woga. Pweto ilikuwa imeanguka mwezi mmoja mbele, wakimbizi walivuka kwenda Zambia, na Lubumbashi watu walijiuliza kama vita itafika kwao. Katika makambi ya wafanyakazi mushahara ulikuwa unakawia miezi na miezi. Mama njo walilisha nyumba, na shamba ao na meza kidogo ya kuuzisha sokoni.

Tarehe 16 ilikuwa siku ya mbili. Ile magaribi, Kanali Eddy Kapend alipita kwenye televizio ya taifa na kusoma amri: mipaka ifungwe, viwanja vya ndege vifungwe, waaskari wabaki na utulivu. Juu ya nini? Hakusema. Hakutaja mutu aliyekufa wala aliyeumia.

Mmoja wetu alikuwa mtoto wa kambi. Baba yake alikuwa ameshuka chini na poste ya mchana. Alipopanda usiku, alikuta watu wamesimama kimya mahali pa kurudisha taa. Kapita njo alimwambia kwa sauti ya chini: "Beko basema banapiga Muzee masasi." Mwingine wetu alikuwa kwa jirani, juu katika ile njia nyumba moja tu ilikuwa na radio yenye betri nzima, na watu walijaa mpaka dirishani wakitafuta radio za ngambo. Mama wa kambi walikumbuka uporaji wa 1991, wakakimbia kununua unga, chumvi na mafuta mbele maduka hayajafungwa.

Siku ya tatu, waziri wa Ubelgiji Louis Michel alisema Mzee amekufa. Kinshasa walisema ameumia tu, angali muzima. Paka siku ya ine, tarehe 18, njo Serkali yetu ilitangaza kifo. Siku ya posho, tarehe 20, mwili ulitoka Harare ukapitia kwanza Lubumbashi, na watu walijaa njiani. Alizikwa Kinshasa tarehe 23.

Tukisikiliza hizi habari vizuri, tunaona jambo moja. Watu hawakuwa na moyo mmoja: kuna walilia, kuna walinyamaza, kuna waliogopa tu juu ya watoto wao. Kitu kinachotuunganisha ni kungojea. Siku mbili nzima inchi ilingojea kuambiwa kitu ambacho dunia ilikwisha kusema. Na kungojea kunaharibu kumbukumbu. Leo kuna wazee wanaapa kwamba walisikia kifo kwenye televizio ya taifa ile magaribi ya kwanza. Hawasemi uongo. Uvumi na habari viliingia sikio moja, miaka imevichanganya.

Tarehe 17 inafundisha vilevile, na kwa ukali zaidi. Mwaka 1961 Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa karibu na Élisabethville, na babu zetu walikuwa wanaenda kazi kama kila siku, bila kujua. Serkali ya Katanga ilitangaza kifo chao tarehe 13 mwezi wa pili, siku 27 nyuma, tena na uongo: eti walitoroka, wanakijiji wakawaua. Iliomba miaka 61 mpaka jino lake, lile lililobaki, lipite Shilatembo, pale alipouawa, mbele ya kuzikwa Kinshasa mwaka 2022.

Sasa, juu ya nini tunaandika hii kwa watu wa mgodi? Juu wao wanajua kungojea kuliko wote. Tarehe 27 mwezi wa sita 2019, shimo la KOV kule Kolwezi lilianguka juu ya wachimbaji wa mikono. Hesabu ya wafu ilianza chini, ikapanda mpaka 43. Mbele ya hesabu kusimama, kuna mama alikuwa anapiga telefone ya mtoto wake, haipokelewi. Kwenye migodi mikubwa kila taa iko na namba, na namba iko na mwenyewe. Kwenye mashimo mengi ya mikono hakuna mutu anaandika nani ameshuka. Shimo likianguka, kila upande unasema hesabu yake, na maiti mengine yanazikwa bila kuhesabiwa.

Telefone zinaenda haraka kuliko radio ya jirani, ni kweli. Lakini zinaleta pia picha za shimo lingine, la mwaka mwingine. Haraka si ukweli.

Kwa hiyo tunaomba vitu viwili. Kwa wakubwa wa migodi, wa vyama vya wachimbaji na wa Serkali: daftari mlangoni pa shimo, jina la anayeshuka na la anayepanda, na siku ya hatari lisomwe mbele ya familia mbele ya kupelekwa kwa waandishi wa habari. Hii haiombi feza nyingi. Inaomba daftari, kalamu na mutu mmoja mwaminifu.

Kwa jamaa: konje ikifika, musiishie kwa kuuliza "ulikuwaka wapi". Muulize pia "nani alikuambia, na siku gani?" Mtoto anayejua kuandika aandike. Na kijana akienda shimoni asubuyi, aache nyumbani jina la shimo na majina ya wenzake wanaoshuka pamoja naye.