Nidhamu Haichemshi Maharagwe

Kuna sentensi moja nimechoka nayo: "Ni nidhamu tu." Utaisikia kutoka kwa msee wa Kilimani mwenye blenda inayolingana na kodi yangu ya miezi miwili, ameshika gilasi ya kitu cha kijani, anakuambia kwamba ukila vibaya ni kwa sababu hujaamua kula vizuri. Mwalimu wa jimu anayo. Hata kliniki wanayo, tena huko ndiko inakoumiza zaidi.

Shangazi yangu ana sukari. Kwenye kliniki fulani alipewa karatasi yenye picha: tufaha, samaki wa baharini asiyejulikana jina, mkate wa rangi ya kahawia, saladi. Akaambiwa ajitahidi. Shangazi hufunga kazi saa moja usiku Industrial Area, hufika Kayole saa tatu matatu zikikubali, na ana meko moja ambayo huwa anaomba Mungu ifike mwisho wa mwezi. Aliporudi kliniki sukari ikiwa juu, aliulizwa kama kweli anajipenda. Hakuna aliyemuuliza anapika saa ngapi.

Wacha tuanze na hesabu zao wenyewe. Wanapenda sana kuuza mpango wa siku 21: kula safi siku 21, mwili uzoee, umeokoka. Namba hiyo mizizi yake iko kwa Maxwell Maltz, daktari wa Marekani aliyekuwa akifanya upasuaji wa sura. Mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura mpya. Kuzoea pua, jamani. Si kuzoea managu.

Mwaka 2010, Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha utafiti uliofuata watu 96. Kila mtu alichagua jambo moja la kula, kunywa au mazoezi, akalifanya kila siku kwa wiki 12. Kwa wastani ilichukua siku 66 kabla jambo hilo kuwa mazoea. Kuna mtu wa siku 18, na kwa makadirio yao kuna ambaye angefika siku 254. Kwa hivyo ukishindwa siku ya 22, hujakosa nidhamu. Uliuziwa kalenda feki.

Lakini kitu ambacho wauzaji wa nidhamu hukiruka kwenye utafiti huo si namba. Ni masharti. Kila mshiriki alifunga tendo lake kwenye jambo ambalo tayari lilikuwepo kila siku: baada ya staftahi, kabla ya chakula cha jioni. Mazoea hayakui hewani. Yanataka saa ileile, mahali palepale, jambo lilelile likitangulia.

Sasa niambie, ni nani mtaani kwetu ana saa ileile? Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliponishinda, na tangu hapo naishi kwa vibarua vya kuandika. Kuna wiki ninaamka saa nne, kuna wiki silali. Rafiki yangu wa bodaboda hula abiria wakipungua. Jirani yangu yuko shifti ya usiku wiki hii, ya mchana wiki ijayo. Mtu ambaye hajui kesho atakuwa wapi saa saba hawezi kuambiwa ajenge ratiba ya matunda.

Halafu kuna jiko. Maharagwe makavu yanataka saa mbili au zaidi motoni. Githeri pia. Kwa mtu mwenye meko, hayo ni mahesabu ya gesi kabla ya kuwa mahesabu ya afya. Chipo na smokie zimeshapikwa. Indomie ni dakika tano. Na bila friji, huwezi kupika sufuria ya wiki nzima kama wanavyoonyesha kwenye video. Kesho jioni imeshaanza kunuka. Tunanunua kadogo: mafuta ya kupima, unga robo, nyanya mbili. Kadogo si ujinga. Ndiyo njia ya mtu anayelipwa kwa siku. Ila kadogo haina punguzo, na kwa hivyo maskini hulipia kila kijiko bei kubwa kuliko yule anayejaza toroli supamaketi.

Najua jibu linalokuja: "Mbona pesa ya bando na ya kubet iko?" Sawa, iko, kwa wengine. Na siwezi kusema kila mtu anayekula chipo kila usiku amelazimishwa. Wengine tunazipenda tu, na ni tamu. Lakini hoja hiyo inathibitisha nini? Bando hununuliwa kwa shilingi kumi, ukiwa umelala, bila kuwasha moto. Mkeka nao hivyo hivyo. Kampuni hizo zilielewa kadogo zikatengeneza bidhaa zinazoingia kwenye maisha yetu jinsi yalivyo. Chakula kizuri kikipatikana kwa urahisi huohuo, tutakinunua. Najua, kwa sababu tayari tunakinunua.

Angalia kibanda. Chapati madondo, ndengu, githeri, sukuma na ugali. Angalia mama mboga anayekukatia sukuma jioni ukiwa umetoka kazi, mwenye managu, terere na kunde zilizochambuliwa. Angalia yule anayeuza maharagwe na githeri iliyochemshwa, kikombe kimoja kimoja, ili wewe ukaange tu. Mtu mmoja amewasha makaa mara moja kwa niaba ya nyumba hamsini. Hakuna semina iliyofanya zaidi kwa afya ya Nairobi kuliko ile sufuria. Na mboga zenyewe ambazo wengine waliziita chakula cha ushago, Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa JKUAT amezitafiti kwa miaka mingi akionyesha thamani yake. Hatuhitaji mbegu za chia. Tunahitaji terere iwe karibu, iwe safi, iwe tayari.

Lakini kibanda hicho ndicho kanjo hukimbiza. Mama mboga hukimbia na beseni kichwani, anapoteza mtaji wa siku, halafu jioni waziri fulani anaonekana kwenye runinga akihimiza wananchi wale mboga. Mboga gani, ile iliyo kwenye lori la kanjo?

Tukitaka mazoea yanayodumu, mfano tunao. Mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi ilianza Dishi na County, ambapo mtoto wa shule hupata chakula cha mchana kwa shilingi tano. Unaweza kubishana na siasa zake, bishana. Ila tazama kilichofanyika: hakuna aliyemwambia mtoto wa darasa la tatu awe na nidhamu. Walijenga jikoni, wakapika, chakula kikafika saa ileile, mahali palepale. Hayo ndiyo masharti yaleyale ya London, kwa lugha ya sufuria. Kwa nini yaishie mtoto akivua yunifomu?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuwa huru na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kila mtu, si mwenye nidhamu pekee. Kwa hivyo dai langu ni la kawaida kabisa. Wapeni wauza chakula nafasi rasmi, maji safi na mahali pa kutupa taka, badala ya rungu. Wekeni jikoni za bei nafuu karibu na stendi na viwanda, na ziwe wazi usiku. Na kliniki, kabla ya kutoa karatasi ya picha, mwulizeni mgonjwa anapika na nini na anafika nyumbani saa ngapi.

Tukingoja hayo, tusilale njaa pia. Kwenye ploti yetu tuko wanne. Tunachanga, tunachemsha maharagwe mara mbili kwa wiki kwenye jiko moja la makaa, kila mtu anabeba kopo lake na kuyakaanga anavyotaka. Zamu imeandikwa kwa chaki mlangoni. Imedumu tangu Januari, na nakuhakikishia hakuna kati yetu mwenye nidhamu ya kutajwa. Ukichelewa kuwasha, watatu wanakugongea mlango wakiwa na njaa.

Kwa hivyo kijana wa blenda akikuuliza tena kama umeamua kula vizuri, mwambie uliamua kitambo. Kisha mwulize kama ana makaa.